Maji Katika Uwanja wa Msaragambo

Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umekaa juu ya milima ya Upare, lakini huku chini Same mbingu ilikuwa nyeupe na upepo mkavu ulisukuma vumbi hadi milangoni mwa watu. Mvua za vuli zilikuwa hazijafika. Kwa hiyo Sifael, mtunza uwanja aliyezaliwa Myamba kwenye mashamba ya tangawizi, alipofungua geti na kuona maji, alidhani bado yumo usingizini.

Goli la kaskazini lilikuwa limesimama ndani ya bwawa. Maji yalikuwa yamejaa eneo lote la penalti, na yangeyange wawili walikuwa wakitembea humo taratibu, kama wachezaji waliowahi mazoezini.

"Ee Mungu wangu," alisema Sifael. Hakuhitaji kuuliza ni nani aliyeyaleta. Ni yeye.

Jana jioni alitaka nyasi ziamke na kijani cha kupendeza. Alikwenda kwenye mfereji utokao kwenye ndiva, lile bwawa la kijiji linalokusanya maji ya mlimani, akayageuzia uwanjani. Zamu haikuwa yake. Ilikuwa ya Rashidi, mkulima wa vitunguu ambaye shamba lake liko chini ya uwanja. Sifael alijiambia ni nusu saa tu. Sasa, mtu yeyote aliyekulia Upare anajua kwamba ukifungua maji unakaa palepale na jembe lako mpaka uyafunge. Lakini kengele ya kanisa ililia, na ibada ya jioni hiyo ilikuwa ya kuiombea mechi. Akaenda. Aliimba, aliomba kwa machozi, akarudi nyumbani na moyo mwepesi, akalala. Muda wote aliokuwa akiuombea uwanja, maji yalikuwa yakiuingia.

Na haukuwa uwanja wa kuchezea. Mwaka 1978 kila kijiji kilitoa watu wa msaragambo, ile kazi ya pamoja isiyo na malipo, na kila kijiji kikajenga kipande chake cha jukwaa kwa mawe. Watu elfu kumi walikaa pale. Timu zilitoka Tanga na Arusha. Watu wa Kileo walikuja wamejazana kwenye malori, wakaondoka wamekaukiwa sauti. Fainali ya mwaka 1986 ilichezwa mvua ikinyesha, na mpaka leo wazee wanabishana kama lile bao la pili lilikuwa halali. Kisha jukwaa likapasuka, uwanja ukafungwa, na kwa miaka mitatu Sifael alikata nyasi za uwanja usio na mechi. Sasa jukwaa lilikuwa limetengenezwa, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kurudi: fainali ya mkoa, saa kumi jioni.

Sifael alikimbia kuufunga mfereji, akakuta ndiva imebaki tupu. Saa nne akafika Careen, msimamizi wa mechi kutoka chama cha mkoa, binti kijana mwenye filimbi shingoni na mpira kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," alisema Sifael, akitazama chini.

Careen aliudondosha mpira mbele ya goli. Ulielea kama bata.

"Mzee wangu, hapa tunacheza mpira au tunavua samaki?" Kisha sauti yake ikawa ya kazini. "Nakupa hadi saa nane. Mpira usipodunda hapa, mechi naipeleka Moshi."

Alikuwa hajamaliza kusema Rashidi alipoingia getini na jembe begani.

"Sifael! Nimeamka kunywesha vitunguu, nakuta mfereji mkavu kama kisigino changu. Kumbe maji yangu yamekuja kucheza mpira!"

"Nimekosa, Rashidi. Nilifungua, nikaenda kusali."

"Ungesali ukiwa umeshika jembe. Mungu angekusikia vilevile."

Sifael alikunja suruali. Alichukua ndoo, akaanza kuchota. Rashidi alimtazama akichota ndoo ya tano, ya sita, akaguna, akavua viatu na kuingia majini. Saa sita ilipofika walikuwa hoi, na maji yalikuwa yamepungua kiasi cha kidole kimoja.

Yudith, mama anayeuza chai ya tangawizi getini, alikuwa amesimama kando na birika lake, akicheka.

"Ninyi watu wa Myamba, zaidi ya tangawizi hamjui kitu. Mmelifungua tundu la Gonja?"

"Tundu gani, mama?" aliuliza Sifael.

"Mimi nilibeba mawe ya jukwaa hili la kaskazini nikiwa na miaka kumi na miwili. Ni kipande chetu sisi wa Gonja. Kwetu hujengi ukuta bila kuuachia njia ya maji. Unafikiri ile fainali ya mvua waliichezaje? Liko pale." Akanyoosha mkono kwenye lundo la nyasi kavu.

Sifael akaitupa ndoo. Lundo lile alilirundika mwenyewe, wiki baada ya wiki, miaka mitatu, bila kujua anaziba nini. Alikimbia. Alizivuta nyasi kwa mikono, Rashidi akachimba kwa jembe, mpaka jembe likagonga jiwe, na chini ya jiwe pakasikika mguno. Maji yakazunguka, yakanywea, kisha yakaondoka kwa kishindo chini ya jukwaa.

"Yanakwenda wapi?" aliuliza Careen.

Rashidi alichungulia nyuma ya ukuta, akapiga makofi. "Kwangu! Wallahi, yanakwenda kwenye vitunguu!"

Jua na upepo mkavu vilimalizia kazi. Saa nane kasoro dakika kumi Careen akaudondosha mpira. Ukadunda mara moja, mara mbili, mara tatu. Akapuliza filimbi.

"Mechi ni hapa."

Sifael alikaa chini kwenye matope, akacheka huku machozi yanamtoka. "Asante, Baba. Asante." Kisha akamwendea Rashidi kumwomba msamaha kwa sauti ya chini.

"Usininong'oneze," alisema Rashidi. "Sema watu wasikie."

Mashabiki wa kwanza walikuwa wameshaanza kuingia. Sifael alivua kofia, akasimama mbele ya Careen, Yudith na wote waliokuwapo, akainua mkono.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu, naahidi: maji ya mfereji sitayagusa tena siku isiyo ya zamu yangu. Na siku ya zamu yangu, nitasali nikiwa nimeshika jembe."