Kasoro ya Maikrofoni ya Gachau

Jumamosi moja ya mwaka 1994, saa nne asubuhi, Nekoye aliingia kwa Faki, fundi wa redio wa Makongeni mjini Thika, na birika la chai ya kuuza, akakuta watu tisa, akawamiminia. Wenye redio mbovu walikuwa wawili. Waliobaki walikuwa wamefuata habari.

Habari yenyewe ilikuwa mezani. Mzee Gachau, aliyekuwa na studio ya muziki kule Ruiru kabla hajaokoka akawa mzee wa kanisa, alikuwa ameleta maikrofoni yake ya zamani ikaguliwe. Mnunuzi, Bwana Perez wa Nairobi, alikuwa njiani, na bila cheti cha Faki hanunui hata waya.

Faki aliipima kwa kiganja. Za bandia huwa nyepesi kama kopo tupu. Hii ilikuwa na uzito wake. Akamulika tochi kwenye wavu, akaona kile kisahani cha dhahabu kinachoshika sauti hakijatoboka. Skrubu hazikuwa na mikwaruzo. Nambari yake ililingana na ya boksi lake la umeme.

"Huyu ni Mjerumani kamili," akasema. "Wa miaka ya hamsini na kitu."

"Na anafanya kazi," Gachau akasema, akaipuliza kama wazee wote wa kanisa wanavyopuliza, mate na yote.

"Mzee, hii haipulizwi."

Lakini ilikuwa imeshaamka. Haikuwa imeunganishwa na chochote. Iliimba ubeti wa kwanza wa wimbo ambao Thika nzima iliuchezea harusini, kwa sauti ya Nekoye ya miaka ishirini na tatu iliyopita, moshi wa kuni haujaipitia. Kisha ikasema kwa sauti ya Gachau akiwa kijana: "Vizuri, Nekoye. Kwenye lebo ya santuri tutaandika Kui. Wewe chukua soda."

Kui ni mke wa Gachau. Nekoye aliweka birika chini. Miaka yote hiyo alikuwa akisema ni yeye aliyeimba, na watu wa Makongeni walikuwa wakimjibu awaongezee sukari.

"Kumbe ni kweli," akasema Zainab, jirani mwenye duka la leso. "Na ilikuwa soda gani?"

"Ya machungwa. Hata haikuwa baridi."

Gachau hakukana. "Kui ndiye alikuwa na gauni la kupigia picha," akasema. "Hiyo ilikuwa biashara, mama."

Kwenye cheti cha Faki kuna mstari wa "Aliyeimbia". Aliyeimbia akijulikana, bei hupanda kama ya ng'ombe aliye karibu kuzaa.

"Fundi, hapo niandike mimi," Nekoye akasema. "Pesa sitaki. Jina tu."

Faki alikuwa ameshika kalamu Perez alipoingia. Perez alisikiliza ubeti mara mbili, akitikisa kichwa taratibu.

"Nekoye ni nani?"

"Ni mimi."

"Anajulikana?" Perez akawauliza wengine.

Watu tisa waliokuwa wakinywa chai ya Nekoye kila asubuhi walitazama vikombe vyao.

"Kui namjua," akasema Perez.

Faki akaandika Kui, bei ikapanda, watu wakapeana mikono. Gachau akaipuliza tena maikrofoni, ikasema: "Vizuri, Nekoye."

"Itakuwa ikisema hivyo?" Perez akauliza.

"Ikipulizwa tu," Faki akasema.

"Basi hilo liandikwe."

Kwa upande wa kasoro, Faki hajawahi kumficha mteja. Aliandika chini kabisa, kwa herufi kubwa: KASORO, INATAJA NEKOYE.

Nekoye alimwomba amsomee. Alisomewa. Akaomba mara ya pili, akasomewa tena.

Gachau, aliyekuwa ameuza vizuri, aliwaagizia wote soda. Ya Nekoye ilikuwa ya machungwa. Mara hii ilikuwa baridi.