Punda Aliyekataa Kurefuka

Miaka thelathini na nane Mama Mizani alipima watoto wa watu kliniki. Aliwaning'iniza kwenye mizani kama vikapu, wakalia, wakamkojolea, naye akasoma kilo huku akimtupia mama mtu jicho: "Huyu anakula, au unamlia?" Alipostaafu, mikono ikabaki haina kazi. Ndiyo maana mdogo wake alipomletea zawadi ya punda asiyemfika hata kiunoni, manyoya tele kama zulia, masikio marefu kuliko adabu, alimshukuru ndugu yake, akamshukuru na Mungu, kisha akaenda kutafuta sufuria.

"Ameachishwa ziwa mapema," alimwambia mumewe. "Mtazame! Amedumaa."

"Mbona ana ndevu?"

"Hata wewe ulikuwa nazo nilipokuchukua, na kukua ulikuwa bado."

Akamwita Bwana Mdogo. Asubuhi uji wa mahindi, mchana pumba, jioni mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Kila Jumamosi alimpima mpaka mabegani na kuchora mstari wa chaki kwenye mlango wa banda. Mstari haukupanda hata upana wa ukucha. Basi akaongeza uji. Bwana Mdogo hakurefuka; alitanuka. Shingo ikajaa mafuta mpaka ikaanza kulala upande.

Lakini mpole, jamani! Alimfuata Mama Mizani mpaka kwenye kamba ya nguo, akamwekea kichwa mapajani akichambua maharage. Mbwa wa jirani akibweka, hakukimbia, alisimama akafikiri. Wanaosema punda mkaidi hawajakaa wakamtazama akifikiri. Nyumba ile iliyokuwa kimya tangu watoto waolewe na kuoa, ikapata tena mtu wa kuulizwa, "Umeamkaje?"

Mwezi wa tano, asubuhi moja, Bwana Mdogo hakuamka. Walipomwinua aliegemea nyuma kama aliyesimamishwa juu ya makaa, na kwato zilikuwa za moto kama pasi. Mumewe akaenda mbio kumleta daktari wa mifugo, binti mmoja mwenye buti za mpira na sauti ya taratibu.

Daktari akamfungua punda mdomo, akatazama meno. "Bibi, unadhani huyu ana umri gani?"

"Mwaka. Na nusu, nikimwonea huruma."

"Ana miaka tisa. Amekua zamani, akamaliza. Mbegu yao ndiyo hii, ya punda wafupi. Hata umlishe ghala zima, urefu ni huo huo. Wanaweza kuishi hata miaka thelathini, ila matumbo yao ni ya nyasi kavu. Uji umeshukia miguuni. Kwato zimeumia kwa ndani."

Mumewe akatazama ile mistari ya chaki, akakohoa kikohozi chenye kicheko ndani. Alipoona uso wa mkewe, akakimeza.

"Atapona?" Mama Mizani aliuliza.

"Mfupa ukizama kwenye kwato, hatatembea tena, na hapo nitakuja na sindano ya mwisho. Usipozama, atatembea. Tumpe wiki sita. Usimkatie chakula ghafla, utamuua. Mabua makavu, kidogo kidogo, mchana kutwa. Na asikae peke yake. Punda mpweke huacha kula. Bakuli lile la uji, bibi, nisilione tena."

Mama Mizani aliwahi kuwasema kina mama wasiohesabika. Siku hiyo alisemwa yeye, akainamisha kichwa. "Asante, mwanangu. Bora umenambia akiwa bado anapumua."

Wakatandika vumbi la mbao la kuzama mguu. Mumewe akahamishia kiti bandani, asubuhi na jioni akawa anamwosha kwato kwa maji baridi. "Shukrani ya punda ni mateke, lakini," alinung'unika akiwa ameinama. Bwana Mdogo akamwegemezea kidevu kwenye upara, akasinzia.

Kilichomuuma Mama Mizani ni yale macho. Kila akiingia, punda alitazama mikono yake kwanza. Akiona mabua, aligeuka. Na yeye akawa anajiuliza, bila kumwambia mtu: kumbe ulipenda uji tu, si mimi?

Wiki ya sita daktari alirudi, akashika kwato moja moja. Zilikuwa baridi. "Tujaribu. Bibi, simama kule ng'ambo ya uwanja, ukutani, umwite. Mikono mitupu."

Akaenda. Akaita.

Punda akasimama, sikio moja mbele, jingine nyuma.

"Anafikiri," mumewe akanong'ona.

"Nyamaza wewe!"

Mguu mmoja ukatoka. Wa pili ukafuata. Akaupita uwanja wote bila kuchechemea, akalipita rundo la mabua asiligeukie, akamsukumia Mama Mizani paji la uso tumboni mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Mikono ile mitupu ikamshika masikio yote mawili.

"Asante, mwanangu," alisema, machozi yakimdondokea punda manyoyani. "Asante."

"Mwana gani?" mumewe akasema. "Mtu mzima huyo!"

Mama Mizani akapangusa pua kwa mkono wa gauni. "Basi asante, mzee wangu," akamwambia punda.

"Aa, si neno," akaitikia mumewe.