Shuka la Saa Sita

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ndivyo wanavyosema watu, na wanasema kweli, ila nadhani aliyeanza kusema hivyo hakuwahi kumwona mtu aliyeshikwa na vyote viwili kwa pamoja. Mume wa Bi Harusi alikuwa navyo vyote. Kila siku ilipokaribia saa sita mchana, kikohozi chake kilitangulia kuingia katika nyumba ya udobi, kikapita juu ya kelele za mashine za kufulia. Mkewe alipokisikia, moyo wake ulifanya mambo mawili yasiyopatana: uliruka kwa furaha, kisha ukaanguka kwa hofu.

Bi Harusi halikuwa jina lake. Harusi yake ilishapita zamani, na binti yake wa pekee naye alishaolewa akahamia mbali. Jina alipewa na wenzake kazini kwa sababu ya shuka. Pale walifua mashuka ya hoteli, na yale ya vitanda vikubwa hayakunjiki na mtu mmoja hata awe na mikono ya pweza. Yanataka wawili: mmoja huku, mmoja kule, mnalivuta shuka likaze, mnaendeana, pembe zinakutana, mmoja anapokea, mwenzake anainama kuokota mkunjo, mnarudi nyuma, mnaendeana tena.

Yeye alikuwa nusu zamu ya asubuhi. Mumewe alikuwa nusu zamu ya mchana. Kazi ilikuwa moja, meza moja, hata aproni ilikuwa moja. Tajiri aliikata kazi hiyo katikati kama mkate, kwa kuwa sheria ilimtaka amlipie bima ya afya mfanyakazi wa siku nzima tu. Waliokuwa na siku nzima mle ndani ni msimamizi na karani. Wengine wote walikuwa nusu nusu, na nusu mtu, kama mnavyojua, haugui.

Basi Bi Harusi akajiwekea desturi. Asubuhi yote alikunja mashuka na yeyote aliyekuwa karibu, lakini moja kubwa aliliacha kando mpaka mumewe aje. Msimamizi aliona, akafumba macho. Wenzake waliona, nao hawakufumba midomo.

"Bwana harusi huyoo!" alipiga kelele Redio, mama wa meza ya pasi, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna aliyewahi kupata kitufe cha kumzimia. "Mpisheni! Bibi harusi ameshashika shela!"

Mnaweza kucheka, lakini huo ndio muda pekee waliokuwa nao. Mume alilinda ghala usiku. Alipofika nyumbani asubuhi, mke ameshatoka. Mke naye akitoka udobini alikwenda kusafisha ofisi mpaka giza liingie, na alipofika nyumbani, mume yuko lindoni. Siku ya mapumziko ya mmoja ilikuwa siku ya kazi ya mwingine. Kitanda chao hakikupoa, maana walikilalia kwa zamu, lakini kilishasahau uzito wa watu wawili. Bi Harusi alilalia upande wa mumewe, akanusa mto, akajikuta anaongea na mto. Alimkosa mumewe kama anavyokoswa mtu aliye safarini, na mume hajasafiri popote. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Ukimkosa aliye mbali, watu wanakupa pole. Yeye nani angempa pole, na mumewe anaonekana kila siku akiwa na pembe mbili za shuka mkononi?

Kikohozi kilikuja na mvua, na mvua zilipokwisha kikakataa kuondoka nazo. Walijaribu dawa za dukani, walijaribu maji ya moto, walijaribu kukipuuza. Daktari wa kifua alitaka vipimo, vipimo vilitaka kadi ya bima, na kadi ilitaka zamu nzima.

Ndipo ikatangazwa kura ya maoni, nchi nzima ijibu swali moja: je, waajiri wawalipie bima hata wafanyakazi wa nusu zamu? Ndiyo, au Hapana.

Nyumba ya udobi ikachemka kuliko masufuria yake ya wanga. Msimamizi aliwamwagia maji mapema. "Sheria ikipita, tajiri hataona faida ya nusu nusu tena," alisema. "Nusu mbili zitarudi kuwa nzima moja. Nyie mnaoshangilia, kila mmoja amtazame aliye pembeni yake. Mmoja wenu atatoka."

Watu wakatazamana, na shangwe ikakatika palepale.

Karani, kijana mwenye shati safi muda wote, alikuwa na lake. "Kuna kijitabu cha muswada kimeletwa. Anayetaka kupiga kura akisome. Asiyesoma akae nyumbani. Kura si bahati nasibu."

"Karani mwanangu," alisema Redio, pasi ikitoa mvuke, "mimi sijakisoma hicho kijitabu na sina mpango. Lakini kikohozi cha yule bwana nimekisoma tangu ukurasa wa kwanza."

"Huruma si hoja, mama."

"Na hoja si dawa, baba."

Watu walicheka, lakini Bi Harusi hakucheka. Aliona karani ana haki. Uchaguzi uliopita yeye mwenyewe aliona watu wakimchagua mtu kwa ajili ya fulana, na fulana zenyewe zilichuja rangi zilipofuliwa mara ya kwanza. Safari hii jambo lilikuwa kifua cha mumewe. Alikiomba kijitabu, akakisoma ofisini alikosafisha, amekaa kwenye kiti cha bosi asiyemjua, ndoo ikimsubiri miguuni. Alisoma polepole, akirudia palipokuwa pagumu. Na huko mwishoni, mahali ambapo wenye haraka hawafiki, akakuta kwamba kadi ya mfanyakazi inamhudumia na mwenzi wake. Alikifunga kijitabu akakibana kifuani, akawaza jioni. Siyo jioni fulani, jioni tu, na mtu ndani ya nyumba.

Kesho yake alimngoja mumewe kwa pupa. Wakalishika shuka, wakalivuta, wakaendeana.

"Nimekisoma," alisema pembe zilipokutana.

"Kinasemaje?"

Wakarudi nyuma. Ukiwa mbali hakuna kusikilizana, mashine zinanguruma. Wakaendeana.

"Kadi moja inatosha wawili."

"Na mmoja wetu akitolewa?"

Wakarudi, wakaendeana.

"Atakaa nyumbani, na lindo tutaliacha. Mwingine atarudi jioni. Wewe huoni?"

Lakini shuka lilishakwisha, limekuwa mraba mdogo juu ya meza, na maongezi ya siku hiyo yakakunjwa nalo. Mambo waliyoyabishania wabunge kwa mwaka mzima, hawa wawili waliyajadili kwa mikunjo, kila mkunjo sentensi moja, na jibu mpaka kesho.

Kesho yake mume alikuja na jibu. "Nitakosa shuka."

"Unapenda shuka kuliko kitanda?" alimjibu mkewe, kwa sauti kidogo, na Redio akasikia, na kusikia kwa Redio ni kutangazwa. Mume alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamkunja yeye badala ya shuka. Pembe zikamponyoka. Shuka jeupe likalala kwenye maji machafu ya sakafuni, na mle ndani hakuna aliyetania tena siku ile.

Siku ya kura udobi ulifungwa mpaka mchana. Wote wawili walijiandikisha kituo kimoja, katika ukumbi wa shule. Bi Harusi alifika akakuta foleni imezunguka uwanja, na watu wananung'unika. Yeye hakunung'unika. Mumewe alikuwa anakuja moja kwa moja kutoka lindoni, buti miguuni, na hakuwahi kupewa zawadi nzuri kama foleni ndefu vile.

Walisimama bega kwa bega. Mchana kweupe, bila mvuke, alimtazama mumewe vizuri, akaona mvi kidevuni.

"Hizi zimeota lini?"

"Usiku, nikiwa lindoni. Ningekuita uone?"

Mama mjamzito akafika, wakampisha. Mzee mwenye fimbo, wakampisha. Kisha wakampisha mwenye mtoto, na mwenye haraka, na kijana mmoja mwenye afya ya farasi ambaye hakuomba kupishwa. Karani aliwapita ameshapiga kura, kidole kina wino. "Nyie mbona mnarudi nyuma?" aliuliza. Mtu wa siku nzima asingeelewa.

Mume ndiye aliyeanza. "Nikuambie ukweli. Naogopa. Wakinitoa mimi, nitakuwa nani? Mzee wa kukohoa kitandani. Wakikutoa wewe, nitaingia mle saa sita nikunje na nani? Shuka lile ndilo linaloniamsha. Nikiwa lindoni, baridi ikinibana, nalihesabu hilo tu."

Foleni ikasogea, Bi Harusi akasogea nayo.

"Mimi sitaki shuka," alisema. "Nimechoka kukuona kama mtu anayepokea mzigo. Nataka nikirudi jioni nikukute. Hata kama umenuna. Hata kama umelala. Nifungue mlango, nikukute."

Mumewe akaushika mkono wake, palepale, mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya hata walipokuwa wachumba. "Sawa," alisema. "Sawa, mke wangu." Na hakuuachia mpaka mlangoni mwa ukumbi.

Mkono ule wa mumewe ndio uliomponza Bi Harusi. Alipoingia kwenye kibanda cha kura bado alikuwa anausikia, joto lake, magamba yake ya sabuni. Karatasi ilikuwa mezani, nyeupe, imenyooka, kalamu ikining'inia kwa uzi. Kichwa chake kilikuwa jioni, kwenye mlango unaofunguliwa. Mikono ikabaki peke yake na kitu cheupe chenye pembe nne, ikafanya inachokijua. Pembe kwa pembe. Ikapitisha ukucha kwenye mkunjo. Ikakunja tena. Karatasi ikaingia kwenye sanduku, imekunjwa vizuri kuliko zote zilizomo.

Alikuwa ameshatoka nje juani alipokumbuka kalamu. Hakuigusa. Alirudi mbio.

"Mama, ikishaingia haitoki," alisema msimamizi wa kituo kwa upole.

Asiyekuwapo na lake halipo, wanasema. Yeye alikuwapo, amesoma, ameelewa, ameamua, ametaka kuliko mtu yeyote katika foleni ile, na lake halikuwapo.

Mumewe akatoka, akijifuta wino kidoleni. "Tayari?"

"Tayari," alisema, akatangulia kuondoka.

Hakulala vizuri mpaka matokeo. Kisha Ndiyo ikashinda. Udobini Redio alipiga vigelegele mpaka pasi ikaunguza foronya. "Mimi niliweka alama palepale pa juu!" alitangaza. "Hata pa chini sikupatazama!" Karani akatikisa kichwa, lakini akacheka pia. Bi Harusi alimkumbatia Redio akalia machozi mengi, na kila mtu akadhani ni ya furaha. Yalikuwa ya furaha, ila si yote.

Msimamizi alisema kweli. Sheria ilipoanza kazi, nusu mbili zikawa moja, na tajiri akaziachia jozi zenyewe zichague nani abaki. Mume alitaka kubisha. Bi Harusi hakumpa nafasi. "Wewe unabaki. Lindo unaliacha leo hii, baridi isikumalize. Mimi zangu ofisi zinanitosha." Wakakunja shuka la saa sita kwa mara ya mwisho, na mwisho wake alimvalisha mumewe aproni, akafunga kamba kwa nyuma, akaenda zake bila kugeuka.

Jioni ile alipanda ngazi za nyumbani akiwa na funguo mkononi, kama kawaida. Halafu akasikia kikohozi. Daktari alishasema tangu mwanzo kwamba hata kikitibiwa kitachukua muda kuisha. Lakini kilikuwa kinatoka ndani, nyuma ya mlango wake, na chini ya mlango kulikuwa na mwanga. Alisimama pale ngazini kama mgeni, akaogopa kufungua.

Mlango ukafunguliwa. Mumewe alikuwa amesimama katikati ya chumba, ameshika shuka lao wenyewe, lile la maua lililochakaa katikati, amelianua kwenye kamba.

"Nimeshindwa kulikunja," alisema.

"Hilo? Hata mtoto analikunja."

"Basi nimeshindwa."

Akaweka mkoba chini, akashika pembe zake. Wakalivuta. Wakaendeana. Hakukuwa na mashine inayonguruma, na hapo, pembe zilipokutana, akashindwa kukaa na siri yake tena.

"Kura yangu iliingia tupu," alisema. "Niliikunja kabla ya kuandika. Nilikuwa nakuwaza wewe."

Alingoja acheke. Mumewe hakucheka. Alizipokea pembe kutoka mikononi mwake, lakini hakurudi nyuma. Alitazama maua ya shuka.

"Basi yangu usiniulize," alisema.

Bi Harusi akamtazama, akakumbuka maneno ya kwenye foleni, baridi ya lindo, na shuka lile moja alilokuwa akilihesabu. Akamkumbuka Redio na alama yake ya juu, na wale wote waliopishwa kwenye foleni, ambao kura zao ndizo zilizowaletea jioni hii.

Hakumuuliza. Walilikunjua shuka, wakalitandika, kila mmoja upande wake.