Kijiti Kisichotiwa Dawa

Tangu asubuhi sikukalika. Naingia maabara, natoka, nachemsha kahawa nisiyoinywa, mpaka Solvej, mwenzangu wa kazi, akaniambia nitafute kiti au niende nikatembee bandarini nimwache afanye kazi. Bakteria aliokuwa akiwapima walitoka kwenye goti la chuma la kaka yangu Thorkild, fundi wa mapaa hapa Aarhus. Daktari alishasema: tusipompa dawa ya uhakika leo, kesho anaking'oa chuma, maana homa inapanda.

Tulikwisha kudanganyika mara moja. Bakteria wale wakiwa wanaelea majini, dawa ya kawaida huwamaliza. Wakishajibandika kwenye chuma na kujifunika ute wao, wala haiwashtui. Thorkild aliimeza majira yote ya baridi na goti likazidi kuvimba. Safari hii Solvej aliwaotesha juu ya vijiti vya plastiki, kila dawa na sahani yake, akavichovya kwenye dawa, kisha akavihamishia kwenye supu safi ya kulishia bakteria. Supu ikichafuka, basi bakteria wamenusurika.

Zikachafuka, sahani baada ya sahani. Roho iliniuma. Sahani ya mwisho tu ndiyo iliyobaki safi kabisa. Solvej akanikumbatia, akasema dawa tumeipata, mpigie kaka yako. Nikashika simu. Lakini macho yangu haya hayajui kutulia, yakaenda kwenye kijiti cha pembeni cha sahani ileile, kile kisichotiwa dawa yoyote ili kionyeshe kama bakteria wameota. Supu yake ilipaswa kuchafuka. Ilikuwa safi vilevile.

"Bakteria hawakushika kwenye vijiti," nikasema. "Dawa haikuua kitu hapa. Hawakuwepo."

Solvej akatazama, akakaa. Akasema polepole kwamba huenda dawa inafaa hata hivyo. Huenda! Nilitamani kuirusha ile sahani ukutani. Kurudia kungechukua siku kadhaa, na homa haingetusubiri. Nikampigia daktari, nikamweleza kuhusu ile dawa ya mwisho, kwamba hatuna jibu.

Jioni Thorkild akapiga.

"Dada, mwambie daktari hiyo dawa inafaa. Wakiking'oa hiki chuma, sipandi paa tena."

"Sijui kama inafaa, Thorkild."

"Si ubahatishe tu?"

"Kwa mguu wako, siwezi."

"Nilidhani uko upande wangu."

Nikamwambia niko upande wake. Nikarudia tena, ndipo nikagundua kwamba ameshakata simu.