Khanga za Daktari Shamimu

Khanga ndizo zilizomharibia Shamimu kazi. Daktari huyo kijana alikuwa amepata fedha za utafiti kwa mara ya kwanza, akarudi kwao Kahama kutafuta kirusi kinachompata mtoto angali tumboni, kisha kinaweza kumwibia usikivu polepole. Kipimo chenyewe ni mate: pamba mdomoni, basi. Ila yachukuliwe kabla mtoto hajamaliza wiki tatu. Zikipita, hujui tena kirusi kilitoka tumboni au kimekuja baadaye.

Wafadhili walitaka kila mama apewe khanga ya shukrani. Vijiji vya karibu na migodi vikaelewa vingine: kuna dada ananunua mate ya vichanga, wachimbaji wakayapake mashimoni wapate dhahabu. Kina mama wakaacha kuja. Bila watoto, wafadhili wangefunga mfuko wao.

Shamimu akapanda bodaboda mpaka kwa Bibi Limi, ambaye binti yake Juliana alikuwa amejifungua juzijuzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mate bei gani leo?"

Juliana akacheka huko ndani. Shamimu hakucheka.

"Sina khanga, bibi. Nimewaandikia wafadhili kwamba sigawi tena. Hela hiyo iwe nauli ya kuleta majibu nyumba kwa nyumba, mimi mwenyewe."

"Wamekubali?"

"Bado kimya."

"Wakikataa?"

"Sina kazi."

"Huna khanga, huna kazi! Tapeli gani wewe?" Limi akamsogezea kigoda. "Haya, hicho kirusi kikoje?"

"Kitendawili, bibi."

"Tega!"

"Mgeni wangu aliingia nyumbani kabla mlango haujakatwa."

Limi akafikiri, mdomo umemkunjamana. Shamimu alipotaka kumsaidia, akamzuia kwa mkono.

"Nyamaza, sijakupa mji. Nyumba ni tumbo... mgeni ni hicho kirusi chako?"

"Ndicho."

"Juliana, mlete mtoto."

Wafadhili wakakubali, kwa shingo upande. Majibu ya mtoto yalipotoka, Shamimu aliyaleta mwenyewe: kirusi kimo.

"Hasikii?" Limi akauliza.

"Kwa sasa anasikia. Tutampima mara kwa mara, tusije tukachelewa."

Juliana akamkumbatia mtoto, akageukia ukutani. Limi akamkazia macho Shamimu.

"Habari mbaya hivi, na umekuja nayo mwenyewe?"

"Niliahidi."

Limi akajifunga upya kitenge, akatoka uani, akaita kwa jirani:

"Mama Ndaki! Kichanga chako kimeamka? Njoo nacho. Daktari yupo."