Pikipiki ya Nyapara

Jumapili moja asubuhi, mwaka mmoja baada ya mgodi wa Masara kufungwa, Kezia alitandika gunia nyuma ya nyumba yake mjini Migori, akaisimamisha pikipiki juu yake na kuanza kufungua nati. Alikuwa ameinunua kwenye mnada wa vitu vya mgodi, ikiwa imekaa chini ya mti muda mrefu hata kuku wakatagia kwenye kiti chake. Kezia alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu. Aliwanunua ufuoni Homa Bay na kuwauza Migori, na mvua ilikuwa imekwamisha basi njiani mara nyingi mno, samaki wakaoza machoni pake. Pikipiki hakuijua hata kidogo. Alijua tu kwamba inapita mahali basi haipiti.

Kerosi, fundi wa mashine ya posho, alimwazima spana na kumwelekeza. "Kwanza mwaga oili ya zamani," alisema. "Ikitoka na chuma, ujue meno ya gia yamekatika."

Kezia alilegeza nati ya chini, akakinga sufuria. Oili ilitoka nyeusi, nzito kama uji wa wimbi, na ndani yake mkaanguka meno. Kerosi aliokota moja, akalifuta kwa shati.

"Gia iko sawa," akasema. "Haya ni meno ya watu."

Akarudi kwenye mashine yake, kwani foleni ya mahindi ilikuwa ndefu. Kezia aliyaosha meno kwa petroli, akayaanika kwenye sinia juani. Mengi yalikuwa ya juu. Wajaluo wengi waliochimba dhahabu pale walikuwa wameshang'olewa ya chini ujanani, kwa mila yao.

Mumewe, Elijah, alitoka ndani akiwa na kikombe cha uji. Naye alikuwa amefanya kazi mgodini, akarudi hana meno ya mbele. Alimwambia mkewe kwamba aliteleza kwenye ngazi ya shimo. Tangu hapo chakula chake kilikuwa uji na ndizi za kupondwa. Alitazama sinia kwa muda mfupi, akachukua jino moja bila kuchagua, kama mtu achukuaye kofia yake msumarini.

"Hili langu," akasema, akaliweka penye pengo.

Mlio wa cheni ukasikika. Kichwa cha Elijah kikarushwa nyuma kikagonga ukuta, shavu likachanika, damu ikamwagika shatini mpaka kiunoni. Hapakuwa na mtu mbele yake. Alianguka kwa magoti, akatema, akatema tena. Alipoinua uso, jino lilikuwa limesimama mahali pake, imara.

"Ni vilevile," akasema. "Uchungu haukupungua."

"Baba Rael, uliniambia uliteleza."

"Sikuteleza."

"Nani alikupiga?"

"Nyamhanga."

Nyamhanga alikuwa nyapara. Alizunguka mgodi mzima kwa pikipiki hiyo, cheni ya akiba ameizungusha mkononi, na aliyechelewa kupandisha mawe ilimkuta mdomoni. Mgodi ulipofungwa alipewa usimamizi wa soko la Migori. Kila siku ya soko Kezia alimwamkia kwa kuinama kidogo, kama wachuuzi wote.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungefanya nini?" Elijah alifuta kidevu. "Meza unayouzia samaki ni yake."

Akachukua jino la pili.

Habari hazikukawia. Watu walianza kufika kutoka Masara, Osiri, na wengine kutoka Magunga walikorudi kulima. Walibisha hodi, wakaketi, wakachagua yao. Kila jino lilirudi na pigo lake. Mmoja alivunjika taya, akasubiri kidogo, taya ikaunga. Mwingine alizimia, akamwagiwa maji, akaomba lililobaki. Mzee mmoja kutoka Magunga alipomaliza alijipangusa damu, akashukuru kwa Kijaluo, "Ero kamano," akaondoka akiguguna muwa. Kulikuwa na waliopiga hesabu ya maumivu wakaona haifai. Hao waliyafunga meno yao kwenye leso, wakaenda nayo.

Kezia aliendelea na kazi. Alisugua plagi kwa brashi ya waya, akafungua kabureta na kupuliza tundu lake mpaka pumzi ikapita, akazungusha changarawe ndani ya tangi kuondoa kutu. Jirani alipolalamika kwamba damu inaleta nzi, alimwaga majivu. Alipojaribu kuwasha, kiki ilimrudi ikampiga ugokoni. Kerosi akamwambia afadhali hiyo, maana injini iliyokufa hairudishi teke.

Mwishoni sinia lilibaki na jino moja, lililomeguka pembeni. Bibi Nyasuguta, aliyeuza mkaa barabara ya Isebania, alikuja kulitazama. Mwanawe Gichana alifanya kazi mgodini, na siku moja wakubwa walimwambia mama kwamba kijana amevuka mpaka kwenda Tanganyika na mwanamke.

"Alianguka kutoka ghalani akiwa mdogo," alisema Nyasuguta. "Ndipo likameguka."

"Mama, usiliweke," Elijah alimwambia. "Si lako. Litakuumiza."

"Nilimzaa mimi. Kitakachoniumiza hapo ni kipi?"

Akaliweka.

Cheni ililia, na haikunyamaza upesi kama kwa wengine. Nyasuguta alipigwa usoni, mgongoni, mkononi mpaka mfupa ukatokeza. Alijikunja chini, akaburutwa uani na asiyeonekana mpaka shinani pa mwembe wa jirani, na kifua chake kikabonyea kana kwamba anatupiwa mawe. Kezia alijilaza juu yake kumkinga. Mapigo yakapita katikati yake, hayakumgusa.

Yalipokoma, mama aliketi. Mkono ukajirudi polepole. Mdomoni mwake, penye fizi tupu, lilisimama jino la kijana.

"Yuko kwenye shimo lile karibu na kijito," akasema. "Alikuwa bado anapumua walipomwaga mawe."

Wakaenda wote kushtaki. Afisa wa wilaya aliwasikiliza barazani, Nyamhanga akiwa ameketi kando yake kwenye kiti cha wageni. Aliwaamuru wapanue midomo, akawapitia mmoja mmoja kwa tochi.

"Meno yapo," alisema. "Mmepigwa wapi? Na haya ya chini, nani aliyang'oa?"

"Ni mila, bwana mkubwa."

"Basi mkaishtaki mila."

Elijah alionyesha shavu. Afisa akamjibu kwamba kidonda hicho ni cha juzi, na juzi Nyamhanga alishinda naye ofisini. Nyasuguta akaomba shimo lifukuliwe. Afisa akamweleza kwa upole kwamba kufukua kunahitaji mashine, na mashine zote zilipigwa mnada.

Nyamhanga hakukana kitu. "Pikipiki niliendesha mimi. Cheni nilikuwa nayo. Huyo kijana alikuwa na kiburi," alisema. Afisa alimshukuru kwa ukweli wake, akafunga shauri.

Nje, Kezia alichomoa spana kikapuni, akamwendea Nyamhanga kwa nyuma. Elijah alimshika kifundo cha mkono.

"Ukimpiga, jino lake litaingia ndani ya injini," alimnong'oneza. "Tutamwendesha kila siku mpaka Homa Bay."

Kezia alisimama pale mpaka Nyamhanga akapotea kwenye kona. Kisha akarudi nyumbani kwenye pikipiki na kuikanyaga kiki kwa hasira yote iliyobaki. Ikawaka. Nyasuguta alipanda nyuma, Kezia akampeleka hadi shimoni, taratibu, kwa gia ya kwanza, maana nyingine alikuwa bado hajazizoea. Mama alikaa juu ya mawe mpaka jua likaelekea ziwani. Hakulia. Aliyapanga upya mawe yaliyokuwa yamekaa vibaya.

Siku ya soko iliyofuata Kezia alifika na samaki wakiwa wakavu, wazima, mapema kuliko basi. Wateja walimjaa. Elijah alisimama naye akipokea, na Nyamhanga alipopita wote wawili walimwamkia.

Nyamhanga alikuwa na karatasi ya njugu za kukaanga. Alipofika penye mkaa wa Nyasuguta alisimama, akammiminia kiganjani.

"Kula, mama," akasema. "Yaliyopita si ndwele."

Akaendelea na ukaguzi wake. Nyasuguta alizishika njugu zile muda mrefu. Kezia alimwona, akamjia.

"Zitupe, mama."

"Mimi sitaki kitu chake," alijibu Nyasuguta. Taya yake ilikuwa imeshaanza kutembea. "Lakini mtoto ana njaa."

Akazila zote, moja moja, kwa jino lile.