Mtumbwi wa Bati Timboni Kayole

Mvua kubwa za mwaka wa tisini na saba zilijaza maji timbo la mawe pale Kayole, na kambare wakaonekana humo. Shiundu, aliyeachishwa kazi kiwandani, akaunda mtumbwi wa bati wa kumtosha mtu mmoja.

Mkewe Mideva aliushikilia kwenye mawe yenye utelezi.

"Baba Kweyu, hapa utakufa."

"Na watoto waendelee kulala njaa?" alijibu, akajisukuma.

Ncha ya jiwe ilipasua bati, mtumbwi ukapinduka. Shiundu hakujua kuogelea. Mideva alilala kifudifudi mwambani, akamrushia leso yake, akamvuta hadi nchi kavu.

Alipoacha kukohoa, Shiundu alisema, "Ufa ule nitauziba kwa lami. Kesho nitarudi."

Mideva akaanza kulia.